Mitungi ya Alumini Baharini: Uimara Wake, Mipaka Yake na Wajibu wa Ukaguzi

Uzamiaji umekuwa sehemu ya kudumu ya uchumi wa mwambao wa Tanzania. Kuanzia Nungwi na kisiwa cha Mnemba huko Unguja, hadi Pemba na Mafia, boti huondoka asubuhi kwa kufuata maji, zikiwa na wageni, nahodha, mwongozaji na safu ya mitungi ya hewa iliyofungwa ubavuni. Sera ya Uchumi wa Buluu ya Zanzibar ya mwaka 2020 iliutaja utalii miongoni mwa maeneo yake ya kipaumbele, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, huwavutia wageni wengi ambao hawaji kuona kisiwa bali kile kilicho chini ya maji. Mitungi wanayoitegemea wageni hao, kwa sehemu kubwa, ni ya alumini.

Metali hiyo inasifiwa kuwa haishiki kutu. Sifa hiyo ni ya kweli kwa kiasi, na kwa sababu hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini. Alumini huhimili maji ya chumvi vizuri zaidi kuliko chuma cha kawaida, lakini huhimili kwa masharti, na masharti hayo huvunjwa mara nyingi zaidi nchi kavu kuliko baharini: katika ghala, katika karakana, na katika chumba cha kujazia hewa.

Uzito wa suala hili unaonekana katika tarakimu chache. Mtungi unaotumika zaidi katika vituo vya utalii vya nchi za joto una ujazo wa ndani wa lita 11.1 na hujazwa hadi bar 207. Maana yake ni kwamba takribani lita 2,300 za hewa zimesongwa ndani ya chombo chenye uzito wa kilo 14 hivi. Gurudumu la gari dogo hujazwa kwa bar mbili na ziada kidogo. Kwa hiyo chombo ambacho kijana wa boti hukibeba begani mara kumi kwa siku kina mgandamizo wa karibu mara mia moja ya ule wa gurudumu. Ukuta wa chombo cha namna hiyo haupaswi kuachwa kwenye makisio.

Alumini ni metali yenye pupa kubwa ya kuungana na oksijeni, kuliko hata chuma. Ingetarajiwa basi kwamba baharini ingeisha upesi. Kinachoiokoa ni kwamba matokeo ya muungano huo ni tabaka jembamba, gumu na lililoshikamana, lenye unene wa nanometa chache tu, ambalo huifunika metali na kuizuia hewa na maji visiendelee kuingia. Tabaka hilo likikwaruzwa, jingine hujiunda papo hapo. Kutu ya chuma haina tabia hiyo. Yenyewe huvimba, hupasuka na kubanduka vipande, ikiacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Wavuvi wanaoacha nanga ya chuma ufukweni kwa msimu mmoja hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Ipo pia tofauti ya unene. Kwa kuwa alumini si imara kama chuma kwa unene ule ule, mtungi wake hutengenezwa kwa ukuta wa takribani milimita 12, wakati ule wa chuma huwa na milimita nne au tano. Kishimo cha milimita moja, ambacho katika mtungi wa chuma ni sehemu kubwa ya ukuta, katika mtungi wa alumini ni sehemu ndogo. Vituo vingi vya utalii vilichagua alumini kwa sababu hii pamoja na ile ya bei, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara.

Hata hivyo, tabaka linalolinda alumini lina mipaka yake. Hudumu vizuri katika maji ambayo kipimo chake cha uchachu, yaani pH, ni kati ya takribani 4 na 8.5. Maji ya bahari yana takribani 8.1. Yamo ndani ya mipaka, lakini karibu na ukingo. Vitu vinavyovuka ukingo huo vimejaa katika mazingira ya kazi ya kila siku: maji ya saruji mbichi, chokaa, na sabuni kali zenye kostiki zinazotumika kuondolea mafuta au rangi kuukuu. Mtungi ulioegemezwa ukutani penye chokaa yenye unyevu, au uliooshwa kwa dawa ya kusafishia injini, unaweza kudhurika zaidi kuliko ule uliozama baharini mara mia.

Adui mwingine ni kloridi, yaani sehemu ya chumvi ambayo hupenya tabaka hilo mahali palipo dhaifu. Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina takribani gramu 35 za chumvi. Mahali ambapo maji hutembea na hewa hupita, madhara huwa madogo. Mahali ambapo maji yamenaswa na kutulia, mambo hubadilika. Ndani ya ufa mwembamba au chini ya kitu kilichobana, oksijeni huisha, tabaka hushindwa kujirudia, na maji yaliyonaswa hugeuka kuwa makali kama siki. Kishimo kinachoanza hapo hujilisha chenyewe kwa kwenda chini. Kwa nje huonekana unga mweupe tu, kama wa chumvi iliyokauka, na mtu asiyejua huufuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Ndiyo maana sehemu ya kwanza ya kukaguliwa katika mtungi wa alumini ni kitako chake. Mitungi mingi huvikwa kikalio cha plastiki ili isimame na isikwaruze sakafu ya boti. Kikalio hicho hunasa maji ya bahari, na kisipotolewa, mtungi hukaa ndani ya chumvi usiku na mchana hata siku ambazo boti haikutoka. Vikalio vyenye matundu ya kutolea maji hupunguza tatizo, lakini haviliondoi. Hali hiyo hiyo huikuta metali iliyo chini ya mkanda wa kufungia, chini ya wavu wa plastiki unaovikwa mtungi, na chini ya rangi iliyoanza kuvimba.

Lakini chanzo cha madhara ambacho pengine hueleweka kidogo zaidi ni kugusana kwa metali mbili. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, hugeuka kuwa betri. Umeme mdogo hupita kati yake, na ile iliyo dhaifu zaidi katika safu ya metali huliwa ili nyingine isalimike. Alumini iko karibu na upande dhaifu wa safu hiyo. Shaba, na chuma kisichoshika kutu, viko upande wa pili. Kwa hiyo kila mahali ambapo boliti ya chuma kisichoshika kutu imepita katika alumini, au vali ya shaba imefungwa katika shingo ya mtungi, alumini ndiyo inayolipa.

Mafundi wa mashine za boti katika mwambao wanalijua jambo hili kwa vitendo, hata kama hawalitaji kwa lugha ya maabara. Injini za kupachika nyuma ya boti zina magamba ya alumini, na kila moja huwekewa vipande vya zinki chini ya mkondo wa maji. Zinki ni dhaifu kuliko alumini, hivyo huliwa yenyewe na injini ikabaki. Fundi mzuri huvibadilisha vipande hivyo kabla havijaisha, na wala hajali kwamba vimeharibika, kwa sababu kuharibika ndiyo kazi yake. Mtungi wa kuzamia hauna kipande cha zinki cha kuutetea. Ulinzi wake ni kutenganisha metali kwa grisi inayofaa, kufungua vali kila mwaka ili hesi za shingo zisafishwe na kukaguliwa, na kukausha.

Vali isiyofunguliwa kwa miaka kadhaa hukwama. Unga mweupe hujaa ndani ya hesi, na fundi anayelazimisha kwa nguvu huzing'oa. Shingo ikiharibika hesi, mtungi wote umekwisha kazi yake, hata kama mwili unang'aa. Kiuchumi pekee, tone la grisi na saa moja ya kazi kila mwaka ni gharama ndogo mno kulinganisha na bei ya mtungi mpya uliosafirishwa kutoka ng'ambo.

Vifaa vidogo vya alumini hufuata kanuni hizo hizo. Taa za kuzamia na mabamba ya mgongoni mara nyingi huwa yameongezewa unene wa tabaka la kinga kwa njia ya umeme kiwandani, na rangi zake nyeusi au za buluu hutokana na kazi hiyo. Tabaka hilo ni gumu, lakini likikwaruzwa hadi ndani halijirudii kwa unene wake wa awali, na mkwaruzo huo huwa mlango wa kloridi. Taa ikiingia maji, hasara ni ya mwenye taa. Mtungi una hesabu nyingine.

Upande wa ndani wa mtungi una hatari zake. Hewa inayojazwa hupaswa kuwa kavu, na kompresa nzuri ina vichujio vya kuondoa unyevu. Maji ya chumvi huingia kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni mzamiaji kuimaliza hewa yote akiwa chini, kiasi kwamba bahari inapata nafasi ya kurudi ndani. Ndiyo sababu wazamiaji hufundishwa kupanda juu wakiwa na akiba. Ya pili ni ya kawaida zaidi na haina kishindo: matone yaliyobaki katika mdomo wa vali au katika bomba la kujazia husukumwa ndani kwa mgandamizo wote wa kompresa. Kijana anayejaza mitungi hamsini kwa mchana mmoja, mikono ikiwa bado na maji ya bahari, anaweza kupeleka chumvi ndani ya kila mmoja bila kujua. Kupuliza hewa kidogo na kufuta mdomo wa vali kabla ya kuunganisha bomba huchukua sekunde chache.

Katika mtungi wa chuma, kosa hilo lina adhabu ya ziada, kwa kuwa kutu hula oksijeni iliyomo na mzamiaji huweza kuvuta hewa isiyotosheleza uhai. Alumini haina hatari hiyo kwa kiwango hicho. Ni moja ya sababu za kuipendelea, na haipaswi kuwa sababu ya kuacha kuchungulia ndani.

Dawa ya mengi ya haya ni maji matamu. Kila mwongozo wa kiwanda huagiza mtungi na vifaa vyote vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila siku ya kazi, kisha vikaushwe. Agizo hilo ni rahisi kulitekeleza pale penye bomba la uhakika. Visiwani, hususan vile vidogo, maji matamu ni rasilimali inayogombaniwa: wenyeji wanayahitaji, hoteli zinayahitaji, na visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi. Kuosha mtungi kwa maji ya kisima yaliyokwisha kuchanganyika na bahari ni kujifariji. Hifadhi ya Chumbe, karibu na Mji wa Unguja, ilijengwa tangu awali kwa mapaa yanayokusanya maji ya mvua, na mfano huo unafaa kuigwa na vituo vya uzamiaji. Tangi la mvua la ukubwa wa wastani linatosha kuoshea mitungi mingi, hasa kwa kuizamisha katika beseni kubwa badala ya kuimwagia.

Joto nalo linastahili kutajwa, ingawa halihusiani moja kwa moja na chumvi. Nguvu ya aloi inayotumika leo, iitwayo 6061, hutokana na kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani. Mtungi ukipashwa joto kupita nyuzi 177 za Selisiasi, nguvu hiyo hupotea na hairudi. Fundi anayetaka kuupendezesha mtungi uliochakaa kwa rangi ya kuoka katika tanuri, kama inavyofanywa kwa rimu za magari, anauharibu kwa namna ambayo jicho haliwezi kuona. Mtungi uliopitia moto wa ghala lazima uondolewe katika matumizi.

Hoja inayogusa zaidi nchi zinazonunua vifaa vilivyotumika ni ya umri wa aloi. Kabla ya 6061 kutawala soko, mitungi mingi ilitengenezwa kwa aloi nyingine, 6351. Kwa upande wa kuhimili chumvi, aloi hiyo haikuwa na kasoro kubwa. Kasoro yake ilijitokeza polepole: baada ya miaka mingi ya kukaa na mgandamizo, nyufa ndogo zilianza kujitokeza katika shingo na mabega ya baadhi ya mitungi, bila kutu na bila dalili ya nje. Baadhi ilipasuka, mara nyingi wakati wa kujazwa, na wajazaji wakaumia au kupoteza maisha. Nchini Marekani utengenezaji wa mitungi ya aloi hiyo ulikoma mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2006 mamlaka za nchi hiyo zilitoa kanuni inayotaka mitungi ya 6351 inayotumika kuzamia ipimwe shingo, kila baada ya miaka mitano, kwa kifaa kinachopitisha mkondo wa umeme na kubaini nyufa zisizoonekana. Vituo vingi duniani viliamua kutoijaza kabisa.

Mtungi wa mwaka 1985 unaweza kuwa safi kwa macho kuliko wa mwaka 2015. Hapo ndipo sifa ya kutoshika kutu inapogeuka kuwa mtego. Chuma kibovu hujitangaza kwa rangi nyekundu, mnunuzi akajihadhari. Alumini yenye ufa hung'aa. Kinachosema kweli ni alama zilizogongwa begani mwa mtungi: kiwango uliotengenezewa, namba, mgandamizo wa kazi, na tarehe za kupimwa. Mnunuzi asiyezisoma ananunua rangi.

Kuhusu mara ngapi mtungi upimwe, utaratibu hutofautiana. Marekani inataka kipimo cha mgandamizo wa maji kila miaka mitano, na desturi ya sekta huko ni ukaguzi wa macho, ndani na nje, kila mwaka. Uingereza hutaka ukaguzi wa macho kila baada ya miaka miwili na nusu na kipimo cha maji kila miaka mitano. Luxfer, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mitungi ya alumini, hushauri kwamba mtungi unaojazwa mara tano au zaidi kwa wiki ukaguliwe kila baada ya miezi minne. Ushauri huo wa mwisho ndio unaolingana na hali ya mwambao wa Afrika Mashariki. Mzamiaji wa Ulaya anayetumia mtungi wake mara 20 kwa mwaka na kituo cha Nungwi kinachojaza mtungi ule ule kila siku ya msimu hawapaswi kufuata kalenda moja.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawapa wakaguzi wa OSHA mamlaka juu ya mitambo na vyombo vya mgandamizo mahali pa kazi, na chumba cha kujazia hewa ni mahali pa kazi kama karakana yoyote. Shirika la Viwango Tanzania kwa upande wa Bara, na Taasisi ya Viwango Zanzibar kwa upande wa Visiwani, zina nafasi yao katika kusimamia ubora wa kinachoingia bandarini. Viwango vya kimataifa vipo tayari: ISO 7866 kwa utengenezaji wa mitungi ya alumini na ISO 18119 kwa ukaguzi wake wa vipindi. Sharti moja jepesi lingeleta mabadiliko makubwa kuliko kanuni ndefu: kwamba mtungi usijazwe na kituo chochote pasipo tarehe halali ya kipimo begani na kumbukumbu ya ukaguzi wa karibuni katika daftari. Mjazaji ndiye mtu wa mwisho anayeweza kusema hapana, na ndiye anayesimama karibu zaidi na mtungi unapopasuka. Mafunzo na kinga yake vinastahili kutangulia.

Suala hili halihusu watalii pekee. Vikosi vya uokoaji na vya ulinzi wa bahari hutumia mitungi ya namna hiyo hiyo, lakini kwa mwendo tofauti. Gari lilipotumbukia kutoka kivukoni Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019 na kuua watu wawili, wazamiaji walifanya kazi katika kina cha zaidi ya mita 50 hadi gari lilipoinuliwa tarehe 11 Oktoba. Kazi ya aina hiyo huja bila taarifa. Mtungi wa mtalii hutumika kila siku na kasoro zake hupata nafasi ya kuonekana. Mtungi wa uokoaji unaweza kukaa ghalani miezi kadhaa, ukiwa umejaa, karibu na bahari, katika hewa yenye chumvi na joto, kisha ukahitajika ndani ya dakika kumi.

Kwa mitungi hiyo, kalenda ya ukaguzi haiwezi kuhesabiwa kwa idadi ya mizamo. Inapaswa kuhesabiwa kwa muda: vikalio vitolewe na vitako vikauke, vali zifunguliwe kila mwaka hata kama mtungi haukugusa maji, hewa ibadilishwe, na ghala liwe na hewa ya kupita badala ya sakafu yenye unyevu. Katika maghala mengi ya pwani, kazi ya kwanza itakuwa kuinua mitungi kutoka sakafuni na kuiweka juu ya chaga za mbao.